Risasi Tatu za Shingoni

Dada yangu mpenzi,

Salamu za mdogo wako zikukute mzima, magoti yakiwa yanakunjika na lile jino lililobaki likiendelea kuwatisha wajukuu. Mimi huku ni chuma. Mwandiko ni uleule wa kuku aliyekanyaga wino, usinicheke.

Najua umeshasikia, na ulichosikia ni uongo mtupu. Jirani yangu muuza mkaa anasimulia kwamba nilikutwa na bunduki uvunguni. Kijiko, yule rafiki yangu wa duka la vyuma, anajisifu kwamba ndiye aliyeniokoa, na siku hiyo alijifungia chooni hadi saa kumi. Binti yako naye nasikia amekuambia nililia. Mimi? Kaa kitako nikupe habari yenyewe, maana aliyekuwepo ni mimi.

Kazi yangu unaijua. Mji huu mzima hakuna tarumbeta lililowahi kuimba vizuri bila kupita mikononi mwangu. Sasa bendi wana lile kubwa kuliko yote, linalomzunguka mpigaji kama chatu, nasi tunaliita Mkubwa. Mkubwa kapasuka shingoni, pumzi inavuja. Kumziba kunataka risasi. Wasomi wanaita sijui lehemu, lakini sisi mafundi tangu zamani ni risasi: unayeyusha, unadondosha tone, linashika.

Basi nikampigia Kijiko. Nikamwambia, kwa sauti yangu hii ya kutoboa ukuta, aniletee risasi haraka, Mkubwa nataka nimmalize kabla ya Jumamosi, nitampiga tatu za shingoni na uwanja mzima utamsikia. Kijiko, bwege yule, akauliza kama hataniponyoka tena kama mwaka jana. Nikamjibu safari hii nimemfunga kwenye meza.

Kumbe Jumamosi hiyohiyo mkubwa mwingine, yule wa serikali mwenye msururu wa magari, alikuwa anakuja kuhutubia uwanja huohuo! Na kumbe tangu mtaa wetu uandike malalamiko ya maji, simu zetu zote zilikuwa na masikio ya watu.

Asubuhi wakaja wanne. Wakanikuta nimeshamziba Mkubwa, sasa namsugua, wakamruka kama ndoo, wakanibeba mimi. Nikapelekwa chumba chenye meza ya chuma na feni inayogonga, na msichana kakaa karibu na mlango, hedifoni shingoni. Bosi wao akaniuliza Mkubwa ni nani. Nikamwambia ni tarumbeta. Akasema yeye si mtu wa kutaniwa. Nikamwambia hata mimi siku hiyo nilikuwa nimepumzika utani, ila anipe bisibisi nimtengenezee feni.

Hakucheka. Akafungua faili nene kama godoro, akaanza kunisomea maneno yangu mwenyewe. Dada, kila kitu kilikuwemo. Hata nilivyokuambia kwamba shemeji anakoroma kama trekta linalopanda mlima, kaisoma na sura kavu, mbele ya watu. Na ukurasa mwingine akausoma, huo nitakuambia chini huko, tulia.

Hapo ndipo akaingia binti yako. Dada, ulizaa! Kavaa koti lake la kiwakili, nyuma yake mpigaji wa bendi kambeba Mkubwa. Akauliza kibali cha mahakama cha kusikiliza simu za mjomba kiko wapi. Kibali hakuna. Bosi akamsukumia faili, asome aone mjomba alivyo hatari. Binti yako akalifunga kwa kiganja, akasema simu za mtu ni nyumba yake, na hata yeye mpwa haingii humo bila hodi. Hakusoma hata mstari!

Kisha akamwonyesha Mkubwa, na matone matatu ya risasi yanang'aa shingoni. Mpigaji akavuta pumzi, akapuliza. Vumbi la feni lote likamwangukia bosi kichwani. Akalitazama tarumbeta, akanitazama mimi, akacheka mpaka akakohoa. Ikaandikwa karatasi kwamba faili litaharibiwa, na binti yako akasimama palepale mpaka likaharibiwa. Jumamosi Mkubwa wangu akaimba, na yule mkubwa mwenye magari akapiga makofi, hana habari.

Sasa huo ukurasa. Dada, miezi minne nilikuwa na uvimbe shingoni, chini ya taya. Sikukuambia. Umeshawazika kaka zetu wawili, nikaogopa kukuongezea. Nilimpigia daktari mara mbili tu, kwa kunong'ona, mimi mwenye sauti hii. Akaukata, ukapelekwa kupimwa. Bosi akayasoma hayo kama anasoma orodha ya vipuri. Pingu hazikuniuma, huo uliniuma. Siri niliyokuficha wewe ilikuwa kwenye meza ya watu nisiowajua.

Wakati natoka, yule msichana wa hedifoni akanikimbilia mpaka getini. Akaninong'oneza, "Babu, majibu yalikuwaje?" Maana majibu nilikuwa nimeyafuata mwenyewe jana yake, hayakupita kwenye simu. Nikamwambia umesikia ya kutosha, mwanangu, haya ni ya dada yangu kwanza.

Basi majibu ndiyo haya: si ugonjwa mbaya. Daktari kasema ni nyama tu iliyokosa kazi. Umeisha. Pumua, dada, na mimi napumua.

Msalimie shemeji na trekta lake. Na wewe unayefungua bahasha hii kabla ya dada yangu, salamu zako pia, ukimaliza ibandike vizuri.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi wa matarumbeta

Dada, nilishaifunga, nimeifungua tena mwenyewe. Yote ni kweli isipokuwa moja. Yule msichana nilimwambia. Nilishika nguzo ya geti nikamwambia ni salama, naye akashusha pumzi kama mtu wa nyumbani, nami machozi yakanitoka. Hapo ndipo binti yako aliponiona. Wa kwanza kujua ulipaswa kuwa wewe, nisamehe. Ningekupigia siku ileile, lakini nilitaka hili ulisikie peke yako.