Wameniuliza Uliishi Vipi

Yusufu, ndugu yangu,

Jumatatu naitwa mahakamani kwa ajili yako. Nimeitwa niseme ulikuwa mtu wa dini gani, na usicheke. Mimi Elisha, Mlutheri wa kuzaliwa, ambaye hata udhu sijui unaanzia wapi, ndiye nitakayesimama pale Kisarawe kuueleza Uislamu wako. Wamenichagua kwa sababu sirithi kitu, na kwa sababu tulishinda wote kwenye karakana ya pampu pale Tangini tangu ulipotoka kwenu Uholanzi. Ungekuwepo ungeniambia nijipange. Nimeshindwa kujipanga, ndiyo maana nakuandikia.

Kwanza habari za nyumbani. Zuhura amemaliza eda. Amekonda, ila anakula. Rehema amerudi shule, na anaendelea kuwasahihisha watu Kiswahili kama alivyokuwa akikusahihisha wewe baba yake. Shamba la Mbwawa halina neno, maana tangu mwanzo liliandikwa jina la Zuhura. Mgeni hamilikishwi ardhi kama sisi wenyeji, na hilo ulilijua ukalifuata vizuri. Pampu ya kisima cha kanisani imeharibika tena. Nimeitengeneza peke yangu, vibaya.

Shida ni ile fleti yako ya Uholanzi, anayokaa binti yako Lotte.

Siku uliyofariki tulikuzika alasiri ileile. Hakuna aliyefikiri mara mbili. Kwa kina Zuhura maiti haicheleweshwi, na wewe ulikuwa wa kwao. Lotte alipopigiwa simu alisema anakuja, nasi tukamjibu karibu, pole sana. Hakuna aliyemwambia kwamba atakuta kaburi. Alifika siku ya tatu, amevaa nguo nyeusi alizonunua ili aje akuzike. Nilimpeleka mimi. Akasoma kibao, akaniuliza Yusufu ni nani.

Hukumwambia, ndugu yangu. Ulisilimu, ukaoa, ukabadili jina, na mwanao wa kwanza hukumwambia hata neno moja la dini yako mpya. Nilikukasirikia palepale, nimesimama miguuni pako. Bado sijamaliza kukukasirikia.

Sasa sikia mambo yalivyokwenda. Wanasheria wa kwenu wanasema ulishahama, makazi yako yalikuwa huku, kwa hiyo mirathi yako ifuate sheria ya huku. Mahakama ya huku nayo inasema huku sheria za mirathi si moja, inategemea marehemu aliishi vipi. Kama uliishi Kiislamu, utarithiwa Kiislamu. Na ukirithiwa Kiislamu, Lotte hana fungu, kwa kuwa yeye si Mwislamu. Fleti aliyozaliwa humo, ambamo alimuuguza mama yake mpaka mwisho, itahesabiwa kuwa ya wengine.

Zuhura alilia alipoelezwa. Akaniambia, "Shemeji, mimi hiyo nyumba siitaki. Hata mlango wake siujui. Lakini fungu la Rehema nitalisamehe vipi, na si langu?" Sheikh alimwambia hivyohivyo, kwamba mali ya mtoto mdogo mama haigawi, hata kwa huruma. Lotte naye ameambiwa kwao kwamba anaweza kupinga. Kwa hiyo wanao wawili, ambao walikuwa hawajawahi hata kula meza moja, wataanza kujuana kwa kesi.

Halafu Sheikh akasema jambo lililonitoa jasho. Akasema ungeandika wasia, hadi theluthi ya mali yako ungeweza kumwachia Lotte, na asingetokea wa kumgusa. Theluthi, Yusufu! Kwa kuketi chini mchana mmoja tu na mashahidi wako.

Na wewe ulitaka kuandika. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Watu wa kwenu wasia kwao ni jambo la kawaida kama kukata bima ya gari. Nakumbuka ile Idi kwa wakwe zako, pilau iko mkekani, ukasema kwa sauti, "Nataka kuandika wasia wangu." Mama mkwe wako akaacha kula. "Mkwe wangu, usituletee uchuro siku ya sikukuu." Sisi wengine tukaendelea kula. Ukaomba radhi, ukarudisha mkono kwenye sinia, na hukulitaja tena mpaka umekufa. Tena njiani ulikuwa na furaha tele kwamba mama amekugombeza kama mtoto wake. "Elisha, sasa mimi ni wa hapa," ukaniambia. Tukacheka mpaka Kibaha.

Ulitufuata katika kila kitu, mpaka katika woga wetu. Laiti kwa hilo moja ungebaki Mzungu.

Jumatatu sitasema uongo. Nimekuona ukifunga Ramadhani jua kali, uso umekuwa mwekundu kama nyanya, unavuta bomba kutoka kisimani huku mate yamekukauka. Ulikuwa ukinisogezea wali wangu wa maharage na kuniambia, "Kula, Mkristo, mimi nanusa tu." Hakimu akiniuliza nitasema ulikuwa Mwislamu wa kweli. Lotte atakuwa amekaa nyuma yangu na mkalimani wake, na kila nitakalosema litamwondolea kitu. Naomba unisamehe, ingawa sijui nisamehewe na nani kati yenu.

Lakini wameuliza uliishi vipi, basi nitalijibu swali lote. Nitasema kwamba kila Ijumaa ukitoka msikitini ulikaa kwenye ngazi ya karakana ukampigia simu Lotte. Uliongea lugha nisiyoijua, na ukishakata simu hukushika spana tena hadi jioni. Ukiulizwa kwa nini macho yako ni mekundu, ulisingizia vumbi. Hakimu anaweza kunikatiza kwamba hayo hayahusu mirathi, na pengine ni kweli hayahusu. Nitaendelea mpaka aninyamazishe, kwa sababu mkalimani atamfasiria Lotte neno kwa neno, na atasikia.

Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako, ndugu yangu. Mengine yote yamenishinda. Pumzika.

Elisha