Ubao Uko Juu ya Kabati

4 Machi

Kwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo. Mgongo wako umepoa? Mimi ni mzima, ila mikono imebabuka kwa mvuke wa pasi. Hoteli imejaa, na kila mgeni anataka shuka lisilo na mkunjo kama vile nyumbani kwake analala hivyo.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu, sauti yangu ikipanda tu, mtandao wako unaharibika ghafla. Barua huwezi kuikata. Kaa chini uisome mpaka mwisho.

Nasikia duka la Mama la kushonea limepata mpangaji, muuza simu, na mwisho wa mwezi anaingia. Nimesikia kwa watu, Kaka! Mtoto wa tumbo lake nasikia habari za duka lake kwa watu. Nikamuuliza wifi, akanijibu, "Mama mwenyewe amekubali." Amekubali kwa mdomo gani? Tangu kiharusi kimpige hajatoa neno linaloeleweka. Mdomo wake sasa ni ule ubao wa herufi tuliopewa na dada wa hospitali, yule anayewafundisha wagonjwa kuwasiliana. Nilipokuja likizo nilikaa naye hospitalini kila siku akionyesha herufi kwa kidole cha mkono wa kushoto, na neno la kwanza aliloniandikia lilikuwa "umenenepa". Huyo ni Mama yule yule. Hajaenda popote.

Basi niambie: alipokubali, aliandika nini? Nataka neno kwa neno.

Nina hasira hata chakula hakishuki. Nijibu upesi.

Mdogo wako


15 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku wote wazima, tunamshukuru Mungu. Mgongo haujapoa wala hautapoa, maana anayembeba Mama kutoka kitandani mpaka kwenye kiti ni mimi, si wewe na barua zako.

Ulikuja likizo, ukakaa na ubao, ukapiga picha, ukaondoka. Mimi nimebaki. Duka limefungwa tangu augue, panya wanatafuna vitambaa vya watu, na wateja wanagonga hapa kudai magauni yao kana kwamba mimi ndiye niliyewapima viuno. Nikamuuliza Mama mbele ya mke wangu: "Mama, duka tulipangishe?" Akaitikia kwa kichwa. Ulitaka nini zaidi, muhuri?

Kuhusu ubao, usinipandishe presha. Ubao upo, uko juu ya kabati, watoto wasije wakauvunja. Na kama unataka ukweli wote, uko huko kwa sababu nyingine. Mama mkwe wangu alikuja kumpa pole siku ile ile aliyotoka hospitali. Mama akaonyesha kwamba anataka ubao. Mkwe akafurahi, akasema atasoma yeye mwenyewe. Akawa anatamka herufi moja moja kwa sauti, sisi wote tukidhani ni baraka: M, C, H, O, Y, O. Halafu akaliunganisha neno mwenyewe, kwa sauti ile ile. Nilitamani sakafu inimeze. Mke wangu alininunia wiki nzima, na sijui kama ameacha.

Kwa hiyo ndiyo, nimeuweka juu ya kabati. Mgonjwa anahudumiwa, anakula, analala safi. Usinifundishe kazi ukiwa mbali.

Kaka yako


19 Machi

Kaka,

Shikamoo. Wifi mpe pole, na watoto uwasalimie. Sisi huku tunaendelea.

Nimesoma habari ya mkwe wako nikacheka mpaka msimamizi akatoka ofisini kuuliza kama nimeungua. Ni mchoyo kweli, Kaka, na wewe unajua, ila mtaa mzima ulikuwa unamngoja Mama aseme. Kisha kicheko kikanikauka. Juu ya kabati! Mama hasimami. Umemnyang'anya mtu mdomo ukauweka mahali ambapo hata akiuona hawezi kuufikia. Wewe ungekosana na mkwe kwa ulimi wako, nani angekuziba kinywa kwa miezi? Tungekugombeza yakaisha. Mama alitukana watu maisha yake yote, wateja walikuwa wanampenda kwa hilo hilo, wanakuja kupimwa gauni na kuambiwa ukweli wa maumbo yao. Leo kwa neno moja amehukumiwa kunyamaza, na hakimu ni mwanawe.

Na huko kuitikia kwa kichwa usinitajie tena. Yule dada wa hospitali alituambia wote wawili, wewe ulikuwa unaangalia simu: baada ya kiharusi kuna watu ambao kichwa kinaitikia hata pale wanapotaka kukataa. Kama huamini, mjaribu. Muulize kama anataka duka lipangishwe. Akiitikia, ngoja kidogo, kisha muulize kama anataka duka lisipangishwe. Uone.

Likizo yangu nimeshaimaliza, nikiondoka sasa nakuta nafasi yangu ina mtu. Ningekuwa na njia ningekuja kuushusha huo ubao mwenyewe, na nisingekusalimia.

Mdogo wako


24 Machi

Mdogo wangu,

Hatujambo. Nimejaribu.

Ameitikia mara zote mbili. Nikamuuliza kama mimi ni binti yake, akaitikia. Umefurahi? Unataka nikuandikie kwamba ulisema kweli? Haya, nimeandika. Sasa hatujui lolote, na mpangaji nimeshampa neno langu, ananipigia kila siku kuulizia ufunguo.

Lakini ubao sijaushusha, na nitakwambia kwa nini, usimsimulie mtu yeyote. Wewe ulikuwa kitinda mimba. Mama alikuchekea. Mimi ndiye niliyeitwa goigoi mbele ya wateja, nimeshika mkasi, nikiwa mtoto. Nimeoa, nina watoto, na bado kila nikiingia kwake nilikuwa nawaza leo ataniambia nini. Tangu augue, naingia chumbani, namwambia habari za kutwa, ananitazama tu. Ametulia. Kwa mara ya kwanza nampenda mama yangu bila kumwogopa. Wewe unataka nimrudishie panga, kisha nikae mbele yake anikate vizuri.

Kama hilo ni kosa, basi nina kosa.

Kaka yako


27 Machi

Kaka,

Shikamoo. Nakuombea mgongo upoe, nasema kweli.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Goigoi naikumbuka. Nilikuwa chini ya meza ya kukatia nikiokota vifungo, nikakuona ukijikaza usilie. Alikukosea, na ningekuwa karibu ningemwambia.

Lakini ninakasirika zaidi, si kidogo. Ametulia? Hajatulia, amezuiwa! Unampenda kwa sababu hawezi kukujibu. Upende hivyo mto wa kulalia, Kaka. Kama una lako la moyoni mwambie, umwambie ubao ukiwa mapajani kwake, na akujibu. Mgombane. Hiyo ndiyo haki yako na yake pia.

Ushushe. Kaa upande wa mkono wake wa kushoto. Uliza jambo moja, kisha funga mdomo. Kidole chake kinachelewa, kinarudi, kinakosea; usimmalizie neno hata kama umeshalijua. Ukidhani umeelewa, mwulize kama ndivyo, naye akuonyeshe pale palipoandikwa NDIYO au HAPANA, si kwa kichwa. Na atakachosema kuhusu duka lake, niandikie kama kilivyo. Usikipige pasi. Mimi najua anataka kulifungua, ndiyo maana napiga kelele, lakini nataka uyasikie kwake.

Ufunguo usiutoe.

Mdogo wako


9 Aprili

Kaka,

Mwisho wa mwezi umepita. Sijapata barua, simu haipokelewi, wifi anasema niulize mwenyewe. Sina hata hamu ya kusalimu, lakini shikamoo.

Kama umemkabidhi yule mtu ufunguo na Mama hajasema neno, usijisumbue kunijibu. Nitajua nina mama tu, kaka sina.

Mdogo wako


14 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Watoto wazima, wifi yako mzima. Mimi sijui nikwambie nini juu yangu.

Ufunguo ninao. Mpangaji amekasirika, amenitukana, nimemwacha atukane.

Ubao niliushusha siku niliyopata barua yako ya tatu. Ulikuwa umejaa vumbi, nikaufuta kwa shati langu. Nikamwekea mapajani, nikakaa upande wa kushoto, nikanyamaza kama ulivyoniamuru. Aliutazama muda mrefu. Nilidhani amesahau namna ya kuutumia. Kisha akaanza na mimi. Sitakuandikia aliyoniita, si goigoi tu, kuna na mengine mapya aliyokuwa ameyahifadhi. Nami nikamwambia yangu yote, tangu utoto, nikipaza sauti mpaka mke wangu akaja mlangoni. Mama akasikiliza. Akaandika: KUMBE UNAONGEA.

Kuhusu duka, hajaamua. Ameandika kwamba anafikiria na asiharakishwe. Na wewe una salamu zako, hazijapigwa pasi: NANI KAMWAMBIA NATAKA KUFUNGUA. MWAMBIE NAYE AACHE KUNISEMEA.

Lakini si hayo yaliyonifanya nichelewe kukuandikia.

Tangu atoke hospitali, mimi ndiye ninayemuogesha. Mke wangu alijitolea siku ya kwanza, nikamkatalia, nikasema huyu ni mama yangu, kazi hii ni yangu. Nilijivunia. Marafiki nimewasimulia, wakanisifu. Nilikuwa nafumba macho inapobidi, naweka taulo, napima maji kwa kiwiko. Na kila asubuhi nilimuuliza, "Mama, uko sawa?" Kila asubuhi aliitikia kwa kichwa.

Siku ile, tulipokwisha kugombana, kidole chake kikaenda tena kwenye herufi. KUOGA. Nikataka kusema maji yako tayari. Nikajizuia. SI WEWE. Nikaendelea kungoja. AIBU.

Nikamuuliza, "Mama, hutaki nikuogeshe mimi?" Akagonga NDIYO, akagonga na kugonga mpaka nikamshika mkono. Nikamuuliza tangu lini. Akaandika: SIKU YA KWANZA.

Miezi yote hiyo, mdogo wangu. Mdomo wake uko juu ya kabati nimeuweka mimi, na mimi namvua nguo. Nina hasira na wewe kwa kuwa ulisema kweli, na yule dada wa hospitali kwa kuwa hakuja nyumbani kuniangalia, na wale walionisifu. Nikimaliza kuwakasirikia wote najirudia mwenyewe, na hapo sifiki mwisho.

Nikamuuliza anamtaka nani. Akamchagua msusi wa nyumba ya pili. Nimemwomba, amekubali kuja kila asubuhi. Nimeuvalisha ubao mfuko wa plastiki nikaufunga vizuri kwa utepe ili aingie nao bafuni. Leo nilisimama nje ya mlango na taulo mkononi. Nikamsikia yule msusi akisoma herufi moja moja, kisha wote wawili wakacheka, Mama kwa ile sauti yake iliyovunjika. Neno lenyewe sikulipata, na sikuuliza.

Kaka yako