Wageni Wameingia Mjini

Naseeb, acha unachofanya usome. Mama Brigitte msusi ametoa watu mbio sinema ya Newtown, mchana kweupe.

Héritière, bintiye, alimpeleka kuona ile filamu mpya ya mashujaa kumi. Ukumbi umefurika mashabiki, wengine wamejifunga mashuka mabegani.

Mama akauliza, "Wale wabaya ni akina nani?"

Mtoto mzaliwa wa hapa, Kiswahili chake cha kuokoteza. "Wageni, mama. Wageni wameingia mjini, mashujaa wanakuja kuwapiga."

Wageni, Naseeb. Akasema wageni.

Na ukumbi mzima unaimba: wapigwe, wapigwe.

Ninyi mnaniambia nisahau 2008. Brigitte alikuwa mtaa wa Alexandra mwaka ule, wenyeji walipowapiga na kuwaua wageni kama sisi. Basi pale sinema akavua viatu, akapaza sauti: "Wakongomani, tutoke!"

Safu mbili zikatoka naye. Mtanzania mmoja pia, na bisi zake mkononi.

Mlinzi wa mlangoni, Mkongomani mwenzake, akamshika mkono. "Mama, tulia. Hao ni viumbe wa angani. Si watu."

Brigitte akamtazama, viatu bado mkononi.

"Hata Alexandra walianza kwa kusema si watu."