Mwaka Bila Fidla Nyumbani kwa Daktari Solomovici

Baba, jana umetimia mwaka tangu ulipotutoka. Umetimia kwa hesabu ya wazee wetu wa Kiyahudi, inayofuata mwezi. Maestro Wechsler, mwenye kwaya, atautimiza wiki ijayo kwa kalenda ya ukutani aliyopewa na benki. Ameandaa tafrija ya kukukumbuka, tena ametangaza gazetini kwamba yeye ndiye "aliyekilea kipaji cha daktari wetu." Mtu mzima hovyo.

Na tuseme alivyokilea. Ulikuwa umeshaota mvi ulipompelekea wimbo wako wa kwanza. Mchana kutwa uling'oa meno ya watu wa mji wetu wa Iași kwa mkono mwepesi, ukiimba puani huku mgonjwa kaachama. Maskini ulimtibu kwanza. Mwenye gari la farasi akangoja zamu yake. Maestro aliishika karatasi yako kwa vidole viwili. "Mzuri sana, daktari wangu mpendwa. Mzuri mno!" Wiki iliyofuata tuliiona imekunjwa chini ya mguu wa kinanda chake, kisiyumbe.

Kisha akaja Haskel, mpiga fidla wa harusini, shavu limevimba. Ulimwimbia ukiwa umemshika taya, maana hakuwa na pa kukimbilia. Alipokwisha kutema damu alisema:

"Daktari, ubeti wa pili umekufa. Unanuka."

"Na wa kwanza?"

"Wa kwanza mahututi. Njoo nao Jumapili tuuangalie."

Ukaenda. Nyuma ya duka la kofia uliwakuta Wayahudi wenzetu ambao mama akikutana nao njiani hukumbatia mkoba wake: wapiga muziki wa harusini, watunga nyimbo za mitaani, na Tauba mwimbaji, mwenye sauti ya bawaba isiyotiwa mafuta. Hakuna aliyekupigia makofi. Ulirudi umechangamka, ukatusimulia matusi yote.

"Tauba kasema mashairi yangu yanatembea kama bata!"

"Na hao ndio marafiki?" mama akauliza.

"Wamenirudisha mwanzo mpaka koo likakauka, Klara. Hakuna hata mmoja aliyetazama saa."

Toka hapo ulitunga usichoke, na harusi za mji huu zikacheza nyimbo zako. Waliocheza hawakujua ni za yule mng'oa meno, nawe ulipenda iwe hivyo.

Ulipofariki, nyumba yetu ilikaa mwaka mzima bila muziki, kama ilivyo desturi kwa watoto waliofiwa na mzazi. Maestro anaijua desturi hiyo, babu yake alikuwa mwalimu wa dini. Hata hivyo, kabla udongo wa kaburi lako haujashikana, alituletea tikiti za viti vya mbele kwenye onyesho la kwaya yake. Tulizitumia kuwashia jiko. Ila hofu tulikuwa nayo, Baba. Nyimbo zako nyingi hukuziandika popote. Zilibaki vichwani mwa wazururaji wale, na mwaka ni mrefu kwa watu wanaopenda konyagi ya plamu.

Nao, wasioingia sinagogi ila kukwepa mvua, walikuja kila Jumapili mikono mitupu. Fidla waliziacha kwao. Walikaa sebuleni, wakatumalizia jamu ya waridi, wakagombania nyimbo zako kwa maneno tu, hata mluzi hawakupiga.

"Pale daktari alipanda," Haskel anasema.

"Alishuka, kichwa maji we! Nilikaa naye bega kwa bega."

"Wewe ulikuwa umelala, Tauba."

"Nikilala nasikia kuliko wewe ukiwa macho, mwanangu."

Kwa ugomvi huo hakuna wimbo uliopotea. Mama alianza kupika sufuria kubwa kila Jumapili, huku akilalamika.

Jana walikuja na ala zao. Kabla hawajazikaza nyuzi, Maestro akabisha hodi, kofia mkononi.

"Bibi Klara, kwa heshima ya marehemu, tupatie nyimbo zake. Kwaya itaziimba kwa ustaarabu."

"Mimi sina," mama akasema. "Wanazo hao. Waombe."

Maestro alimtazama Haskel, akamtazama Tauba, aliyekuwa akilamba kijiko. Neno dogo tu la kuomba lilitosha, wangempa zote. Yeye akaigeuzageuza kofia yake tu. Haskel akachoka kungoja, akaanza kupiga. Tulilia, Baba, tukaimba, na mama, ambaye tulidhani hajui hata moja, alizijua zote kwa moyo. Maestro alibaki amesimama mlangoni.

"Sidi, mwanangu, funga mlango," mama akasema. "Baridi inaingia."

Sidi akaufunga, Maestro akiwa upande wa nje.

Wanaokukumbuka: mkeo Klara, binti zako Rashela na Sidi, mkweo Osias, nduguzo Haskel na Tauba, na nduguzo wote wa nyuma ya duka la kofia. Hatutakusahau maisha yetu yote.