Usaha Chini ya Jino

Alhamisi jioni

Ladha ile bado iko mdomoni, kama panya aliyeoza, na nimesukutua maji ya chumvi mara nne.

Jumatatu daktari wa meno alinisafisha mizizi ya jino, akaliziba, akasema litauma siku mbili tu. Leo nimeamka shavu limevimba, nikarudi kwake kwenye kliniki ya hapa kambini. Alipotoa dawa aliyozibia, usaha ulinimwagikia ulimini. Harufu ikajaa chumba. Yeye mwenyewe, ingawa alivaa barakoa, aligeuza uso.

“Mama, kuumwa kidogo iko normale, lakini hii hapana.”

Akaosha, akapaka dawa ya karafuu, akaliacha wazi mpaka nirudi Jumamosi. Maumivu yamepungua, namshukuru Mungu. Lakini najionea kinyaa mwenyewe. Na kama hata Jumamosi halitapona, kama watasema ling’olewe…

Jioni sikugusa bukari, ugali wetu. Mume wangu alipotaka kuketi karibu nami, nilifunika mdomo kwa kitenge.

“Kaa kule. Minyi nanuka.”

“Nasikia karafuu ya dawa tu,” akasema, akaketi.

Mwongo. Nilimwona anapumua kwa mdomo. Lakini alikula bukari yake yote palepale, bega lake kwenye bega langu.