Udongo Uliokanyagwa na Mwanamume

Jumamosi, 5 Mei

Aibu nyingine huisemi hata kwa mbuzi. Hii naiandika.

Kaango letu la udongo la kuokea mkate limepasuka vipande viwili juu ya moto. Lile Dosta alilolifinyanga kwa mikono yake, kabla kiharusi hakijamlemaza upande wa kulia. Nikamwambia basi, mke wangu, nitanunua mkate dukani. Akaniangalia kana kwamba nimemwambia tuhamie zizini. Mkate wa dukani hali. Anautafuna, anautema kwenye leso, halafu ananikabidhi leso.

Leo kasema: sikukuu ya Mtakatifu Yeremia inakuja, wanawake watakanyaga udongo wa makaango uani kwa Velika, mkubwa wao. Nenda nawe ukafinyange.

Mimi!

Kila mwaka siku hiyo kazi yangu ni moja tu. Nakaa juu ya ukuta wa kilabu na glasi yangu ya rakia, pombe yetu kali ya matunda, natoa maksi kwa miguu ya wanawake waliomo matopeni. Kwa sauti. Velika nampa sifuri kila mwaka. Na udongo wa kijiji hiki hukanyagwa uani kwa Velika, si kwingine.

Jumanne, 8 Mei

Sikwenda kumwomba Velika ruhusa. Dosta kaenda. Kwa gongo, anaburuta mguu, kijiji kizima kinatazama — na mimi nimejibanza kwenye banda la kuni, nachungulia.

Karudi jasho linamtoka. Velika alikataa kwanza. Eti udongo ukikanyagwa na mwanamume, kaango hupasuka, na mkosi huenda kwenye makaango ya wote. Bibi zao walisema. Dosta kamjibu: likipasuka, semeni ni Dosta aliyewaletea mkosi, na msinisalimie tena mlangoni pa kanisa.

Nikamwambia, mke wangu, umeweka rehani jina lako kwa ajili ya miguu hii?

"Nimeshaweka. Wewe kaioshe."

Jumapili, 13 Mei

Nimeiosha. Maji ya kwanza hayakutosha. Kucha zangu zimenitisha mimi mwenyewe.

Jumatatu, 14 Mei

Asubuhi watoto wanapita bustanini wanagonga madebe kufukuza nyoka, kama kila Yeremia. Natamani wangenifukuza na mimi.

Velika alinipokea getini. Hakunisalimia. Kanifunga aproni, kanifunga na kitambaa kichwani, kidevuni kabisa. Kasema udongo una macho, tuudanganye kidogo. Nadhani udongo hauna macho. Nadhani alikuwa analipa deni lake la sifuri.

Nikakunja suruali. Nikaingia. Baridi! Singa za mbuzi na makapi vimo humo, vinachoma nyayo. Sevda, mkwe wa Velika, mwenye ulimi kama wembe, akageuza ndoo akaikalia.

"Geuka tukuone, mzee Spasen. Lo. Miguu ya bata aliyeugua. Mama, tumpe ngapi?"

"Sifuri," kasema Velika. "Na sifuri nyingine ya akiba, asije akapungukiwa mwakani."

Wakacheka hadi mmoja akakaa chini matopeni. Kule ukutani Gligor, mnywaji mwenzangu, akapiga mluzi. Mluzi ule ule niliomfundisha mimi. Masikio yaliniwaka. Sikujua kwamba mtu anayetazamwa vile hajui mikono yake aiweke wapi. Wanawake hawa wamejua miaka yote.

Kufinyanga ndiko kulikonimaliza. Unamwaga majivu chini, unaweka donge, unalipiga ngumi mpaka liwe sahani nene, kisha unainua ukingo kwa viganja, kidogo kidogo, unazunguka wewe, si lenyewe. Ukingo wangu ulilala. Nikauinua. Ukalala tena, kama mimi baada ya chakula.

"Unaupapasa kana kwamba unauposa," kasema Velika. "Upige, kisha uusubiri. Ulimpata vipi Dosta kwa haraka hiyo?"

"Hakuwa na haraka yeye," nikasema.

Kwa mara ya kwanza kacheka. Akaniwekea mikono yake juu ya yangu, tukauinua ukingo pamoja. Ulisimama. Nikachora msalaba katikati kwa kidole, kama wao. Lilikuwa limepinda, lakini lilikuwa kaango.

Agizo lake: liwekwe ghalani, kivulini, juu ya makapi. Jua lisilione. Lisiguswe.

Dosta alilitazama muda mrefu. Kasema tu, "Lina masikio kama yako." Akala supu yote.

Alhamisi, 24 Mei

Nifungiwe mimi zizini na punda atembee na suruali yangu.

Gligor kanichokoza kuwa nimefinyanga bakuli la mbwa. Ningeweza kunyamaza. Nimelibeba kaango juu ya ubao mpaka kilabuni, kumwonyesha. Nikaliweka mezani, nje, kwenye jua. Wakalisifu. Kila aliyesifu nikamnunulia glasi, na mimi moja ya kumsindikiza.

Niliporudi ghalani niliona ufa. Kutoka ukingoni mpaka kwenye msalaba. Mwembamba kama unywele.

Si mguu wa mwanamume uliolipasua. Ni mdomo wake. Lakini nani ataamini?

Jumamosi, 26 Mei

Nimeuziba kwa udongo laini, majivu na ute wa yai. Dosta kauliza yai limekwenda wapi. Nikasema nimelinywa bichi. Sasa ananiulizia tumbo.

Jumapili, 3 Juni

Velika kaja baada ya ibada kulikagua. Nilisimama mlangoni pa ghala, nikamwambia limelala, usiliamshe. Kacheka, kaondoka. Kamwambia Dosta: mumeo amejifunza subira.

Dosta kafurahi. Sikula.

Jumamosi, 23 Juni

Leo mkate wa kwanza. Velika na Sevda wamekuja, kila mmoja na unga wake, ndiyo desturi. Dosta kwenye kiti karibu na moto, kitambaa kipya.

Kabla ya moto aliomba awekewe kaango mapajani ili alibariki. Mkono wake wa kushoto ukapita ukingoni, ukashuka, ukafika pale. Ukasimama. Nikatazama dari. Kisha mkono ukaendelea, akalibusu, akanirudishia.

Likapata moto. Nikalipangusa. Velika akaleta donge. Dosta akasema, ngoja, jani la kabeji kwanza. Akanielekeza kwa gongo: "Hapo. Kushoto kidogo. Hapo." Juu ya ufa kabisa.

"La nini jani?" kauliza Velika.

"Mume wangu anapenda mkate wenye harufu ya kabeji."

Siipendi kabeji. Hakuna anayejua hilo vizuri kuliko yeye.

Sasa kifuniko kiko juu, makaa juu yake. Nimesema nakuja kuchukua kuni. Niko bandani, kuni ziko miguuni pangu. Nikiwaambia kabla hakijafunuliwa, aibu ni yangu. Nikinyamaza na kaango likapasuka, ni ya Dosta. Hesabu ndogo, hata mimi wa darasa la nne naiweza.

Ndani kitu kimelia — tik. Kaa la moto, labda.

Velika anauliza koleo liko wapi. Dosta anasema, mngojeni mwenye kaango afunue mwenyewe.

Ananiita. Ananiita tena. Nimeandika mstari huu ili nisisimame bado.