Wanafunzi Arobaini na Watatu Ndani ya Treni Moja

Shikamoo Mama Mshauri, naomba unisaidie kabla sijaharibu zaidi. Ijumaa mkuu wetu wa shule, Mwalimu Theonest, alitangaza kikaoni kwamba kidato cha pili wote wakariri insha tatu za mfano kabla ya upimaji wa taifa, na mwalimu wa Kiswahili akishusha wastani atanyang'anywa darasa, na mwalimu huyo ni mimi, hapa Kishapu, nami nilinyamaza kwa sababu mfano wa "Safari niliyoifurahia" niliutunga mimi, wa kwenda Dar es Salaam kwa treni, na mwezi uliopita wanafunzi arobaini na watatu waliuandika neno kwa neno, akabaki binti mmoja tu, Mbuke, aliyeeleza alivyotembea na bibi yake kupeleka matobolwa mnadani, viazi vyetu vile vya kuchemsha na kukausha, nikampa nne kati ya ishirini na kuandika kwa wino mwekundu, "Hii si safari," wenzake wakamcheka na kumwita Abiria wa Matobolwa, na wiki iliyofuata akanirudishia karatasi tupu. Nilipomuuliza, alijibu kwa adabu: "Mwalimu, treni sijawahi kuipanda. Niandike safari ya nani?" Hajaandika insha tena, na Jumatano ijayo idara yetu inakaa kulipanga agizo la mkuu. Nifanyeje?

Mwalimu Lusia

Marahaba, Mwalimu. Kuogopa kupoteza darasa ni haki yako. Lakini usimsingizie Mwalimu Theonest. Wino mwekundu ulitangulia kikao chake.

Msahihishaji akikuta watoto arobaini na watatu wote wamekaa dirishani na wote wamepokewa na mjomba, atajua wamekariri kabla hajafika karatasi ya tatu. Na swali likiwa "Safari iliyonichosha," je? Treni yako itawaacha stesheni.

Nimesoma nakala ya Mbuke uliyoambatanisha. Bibi alimtaka atembee nyuma yake akingwe jua na kivuli chake, naye akaona bibi mwenyewe hana wa kumkinga. Binti huyu anaona mambo, na anajua kuyaeleza. Ameandika "safali" mara tatu; mkate alama hapo, ndiyo kazi yako.

Jumatatu, mbele ya darasa hilo hilo lililomcheka, sema ulikosea, kisha sahihisha upya. Mfano wako wausome mara moja waone muundo, halafu uufungie kabatini, na kila mmoja aandike safari aliyoenda mwenyewe. Ya Mbuke iweke pamoja na mbili za treni, funika majina, mkuu azisahihishe kwa mkono wake. Usimhutubie.

Unasema kikao cha idara ni Jumatano, tarehe 7 Oktoba, saa nane mchana. Karatasi hizo tatu ziwe mezani kwa mkuu Jumanne asubuhi.